Shule za masista: kinachomfaulisha binti ni saa zake

Kwa miaka mingi Januari ilikuwa na desturi yake. Baraza la Mitihani linatangaza matokeo ya kidato cha nne, linasoma orodha ya shule kumi bora, na wazazi wanaanza kuhesabu ngapi kati yake ni za masista. Katika matokeo ya mwaka 2017, St. Francis ya wasichana, Mbeya, ilishika nafasi ya kwanza kitaifa. Mwaka uliofuata ikarudia, na ndani ya kumi hizo hizo zikawamo shule nyingine za Kanisa Katoliki zinazosomesha wasichana: Canossa ya Dar es Salaam, Precious Blood ya Arusha, Marian ya Bagamoyo. Januari 2023 Baraza likaacha kuitangaza orodha hiyo, kwa hoja kwamba haina tija na inaishia kuzifanyia shule matangazo. Orodha imetoka kwenye taarifa kwa waandishi, lakini vichwani mwa wazazi bado imo. Bado kuna foleni za usaili wa kidato cha kwanza, na bado kuna ubishi wa zamani usiokwisha. Wapo wanaosema siri ya masista ni sala na nidhamu. Wengine wanacheka na kusema siri ni mchujo na ada. Makala haya yanadai kwamba pande zote mbili zimeipita siri yenyewe ikiwa imening'inia ukutani: ratiba. Shule hizi humrudishia msichana saa ambazo jamii yetu imezoea kumnyang'anya.

Tuanze na hesabu. Kalenda ya Wizara ya Elimu ina siku 194 za masomo kwa mwaka. Katika shule ya bweni ya masista, wasichana hurudi darasani baada ya chakula cha jioni kwa ajili ya prepo, na kwa kawaida hukaa huko kama saa mbili na nusu kabla ya kengele ya kulala. Zidisha: ni saa 485 kwa mwaka. Siku ya vipindi tisa vya dakika 40 ni saa sita, kwa hiyo prepo peke yake humwongezea binti siku 80 za shule kila mwaka, bila kuhesabu Jumamosi wala zile dakika za wizi, tochi ikiwa chini ya blanketi. Kwa miaka minne zinapita siku 320, ambazo ni zaidi ya mwaka mmoja na nusu wa kalenda ya wizara. Mwezi Novemba, anapoingia chumba cha mtihani sambamba na mwenzake wa shule ya kata, wote wawili wanaandikwa kidato cha nne. Ila mmoja amesoma kama miaka mitano na nusu, na mwingine minne. Na hiyo minne yenyewe ina matobo. Msichana wa kutwa, hasa wa kijijini, huianza siku kwa ndoo na ufagio, hutembea hadi shule, hufika amechelewa na kuadhibiwa kwa kuchelewa, hurudi alasiri akakuta kuni, sufuria na mdogo wake wa kubebwa. Akikaa na daftari ni usiku, macho yamekwisha. Kaka yake naye ni mwanafunzi wa kutwa na anatembea njia ile ile, lakini ndoo haimhusu. Ndiyo maana bweni lina uzito kwa msichana kuliko kwa mvulana: mvulana linampa utulivu, msichana linampa utulivu na kumtua mzigo kwa pamoja.

Ukiyatazama maisha ya bwenini kwa jicho hilo, mambo mengi yanayoonekana kuwa ya kitawa yanageuka kuwa uchumi wa muda. Kengele hulia alfajiri, Misa au sala ya asubuhi ina dakika zake, uji una dakika zake, usafi wa mazingira umegawanywa kwa zamu na kila kona ina jina la mtu. Kazi za mikono zipo, tena si haba. Fomu ya kujiunga huja na jembe, fagio na ndoo kwenye orodha, na bustani za mboga za masista hazijilimi. Tofauti na nyumbani ni kwamba kazi hiyo ina mwanzo na mwisho. Zamu ikiisha, imeisha. Hakuna shangazi atakayeita kutoka uani katikati ya hesabu ya logarithimu. Hata sheria ya nywele fupi, ambayo mabinti huilalamikia kuliko maharage, ukiiondolea mahubiri yote inabaki kuwa akiba ya muda: kusuka humaliza nusu ya Jumamosi. Simu hazipo. Wageni wana siku yao. Siku za wiki anayepanga ni dada mkuu na viranja wake, Dominika ni kwaya, mkutano wa TYCS (umoja wa wanafunzi Wakatoliki) na kufua. Msichana wa miaka kumi na minne anajifunza humo jambo ambalo mitaala yetu haina somo lake, kwamba muda wake una thamani na mtu mwingine hana ruhusa ya kuukatakata anavyotaka.

Historia yetu wenyewe ilikwisha kulifanyia jaribio dai hili, ingawa waliolifanya hawakuwa na nia hiyo. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilizitaifisha shule za mashirika ya dini. Marian College ya Morogoro, iliyoanzishwa na masista wa Maryknoll na iliyomsomesha mwanasiasa Gertrude Mongella, ikawa Kilakala. Assumpta ya Moshi ikawa Weruweru. Kama siri ingekuwa rozari, shule hizo zingeporomoka mara baada ya masista kukabidhi funguo. Hazikuporomoka. Weruweru chini ya mkuu wake wa shule, Mama Maria Kamm, ilizidi kuwa jina lenye heshima nchi nzima, na Kilakala ikaingia katika kundi dogo la shule za serikali za vipaji maalumu, ambako ipo hadi leo. Kilichobadilika ni mwenye mali na somo la dini kuacha kuwa uti wa mgongo. Vilivyobaki ni vitanda, kengele, prepo, walimu wanaoishi ndani ya uzio na mkuu wa shule asiyeona haya kuhesabu dakika. Masista ndio waliouanzisha utaratibu huo, na sifa yao hiyo wasinyimwe. Lakini utaratibu ulionyesha kuwa unaweza kuvaa kitenge ukafanya kazi ile ile.

Hapo msomaji makini atanyoosha kidole: Kilakala na Weruweru ziliendelea kupokea wasichana waliochaguliwa kwa kufaulu, kwa hiyo labda kilichobaki ni mchujo tu. Pingamizi hili ni zito na lina ushahidi wa kitaalamu. Mwaka 2014 wachumi Adrienne Lucas na Isaac Mbiti walichapisha utafiti juu ya shule za kitaifa za Kenya, zile ambazo mzazi akipata barua yake huita majirani. Waliwalinganisha watoto waliopata nafasi kwa alama chache na wale walioikosa kwa alama chache, watoto ambao kwa uwezo walikuwa sawasawa. Miaka minne baadaye, katika mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, KCSE, hawakuona tofauti ya maana. Yaani jina la shule kwenye geti, pamoja na fahari yake yote, halikuongeza alama. Nalikubali tokeo hilo lote, na nakubali pia kwamba sehemu kubwa ya nafasi za juu za shule zetu za masista hutengenezwa siku ya usaili, kabla mwalimu hajashika chaki. Ila tazama waliokosa nafasi walikwenda wapi: wengi waliingia shule za mkoa, na nyingi kati ya hizo nazo zilikuwa za bweni, zenye kengele na prepo kama za kitaifa. Utafiti ule ulilinganisha bweni maarufu na bweni lisilo maarufu. Bweni na ndoo ya maji haukuvilinganisha.

Upo mchujo wa pili, mbaya kuliko wa usaili, nao unastahili kusemwa bila kumung'unya maneno. Baadhi ya shule binafsi, za dini na zisizo za dini, huweka wastani wao wa ndani; binti asiyeufikia hukaririshwa darasa, au mzazi huitwa na kushauriwa kwa upole atafute shule nyingine. Wizara imekwisha kukemea tabia hiyo, lakini haijafa. Shule inayofanya hivyo haifaulishi, inapalilia jedwali lake. Bahati nzuri si vigumu kuibaini. Baraza la Mitihani huweka hadharani matokeo ya upimaji wa kidato cha pili kwa kila shule, na miaka miwili baadaye ya kidato cha nne. Hesabu watahiniwa wa kidato cha pili, kisha hesabu wa kidato cha nne. Shule iliyoanza na wasichana 100 ikamaliza na 97 wengi wao wakiwa daraja la kwanza, ivulie kofia. Iliyoanza na 100 ikamaliza na 70 ina maswali ya kujibu, hata kama wote 70 wamepata daraja la kwanza.

Vipi kuhusu hoja kwamba siri ni kuwatenga wasichana na wavulana? Ushahidi wa dunia hapa umegawanyika. Seoul, ambako tangu mwaka 1974 wanafunzi hupangiwa sekondari kwa bahati nasibu, watafiti waliona shule za jinsia moja zikifanya vizuri zaidi. Trinidad na Tobago, mchumi Kirabo Jackson alionyesha mwaka 2012 kwamba wanafunzi wengi hawakufaidika kwa lolote, na wasichana wa shule za jinsia moja walichukua masomo machache zaidi ya sayansi. Kwetu faida ninayoiona ni ya kawaida tu: mahali ambapo hakuna wavulana, fizikia haina mwenyewe, na anayewasha taa ya spiriti maabara lazima awe msichana. Ni faida, lakini isingetosha kujaza kumi bora.

Pingamizi linalonisumbua kuliko yote linatoka upande mwingine. Linasema: mnamsifia binti kwa saa alizopewa, lakini saa hizo ni zake au ni za shule? Kama prepo yote ni kutatua mitihani ya miaka iliyopita, moko baada ya moko, kama kuzungumza Kiswahili kunaleta adhabu hadi mtoto mwenye wazo zuri analimeza kwa kukosa neno la Kiingereza, kama gazeti haliingii na kitabu cha hadithi hunyang'anywa kwa kuwa hakimo kwenye silabasi, basi tumemtoa chini ya amri ya shangazi tukamweka chini ya amri ya kengele. Siku atakayofika chuo kikuu, ambako hakuna anayempigia kengele, ataduwaa. Hili haliwezi kujibiwa kwa kuonyesha pointi saba za daraja la kwanza. Linajibiwa kwa ratiba yenyewe. Shule za masista zenye ujasiri zinaachia jioni za mdahalo, maktaba iliyo wazi, klabu ya sayansi, timu ya netiboli yenye mazoezi ya kweli. Na kidato cha tano na cha sita huachiwa wajipangie sehemu ya prepo yao. Zisizo na ujasiri hujaza kila dakika kwa hofu kwamba dakika tupu ni dhambi. Mzazi anayekwenda kutafuta nafasi angeuliza swali hilo kabla ya kuuliza juu ya wastani: binti yangu atakuwa na saa ngapi kwa wiki ambazo mwenye kuamua ni yeye?

Linabaki la fedha, na hapo sina utetezi wa masista. Ada za shule nyingi za aina hii haziwezekani kwa mkulima wa jembe la mkono, na ufadhili unaotolewa kwa mabinti wachache wenye shida hauondoi ukweli huo. Lakini saa hazina hatimiliki. Serikali tangu 2016 imeondoa ada kidato cha kwanza hadi cha nne. Novemba 2021 ikafungua mlango kwa wasichana waliokatisha masomo kwa ujauzito warudi. Na imekuwa ikijenga shule za bweni za sayansi kwa wasichana, moja kwa kila mkoa kati ya mikoa 26 ya Bara. Hatua hizo ni nzuri, lakini shule 26 haziwezi kuwa jibu la wasichana wote wa shule za kata. Wengi wao wanatembea umbali mrefu, au wamepangishiwa vyumba jirani na shule, yale mageto yasiyo na mlezi ambako saa za jioni huishia mikononi mwa yeyote mwenye bodaboda na maneno matamu. Hosteli ndogo ndani ya uzio wa shule, yenye matroni anayejulikana kijijini, ingewasaidia zaidi kuliko hotuba zetu za kila mwaka kuhusu mtoto wa kike. Chakula cha mchana, ambacho katika shule nyingi za kutwa kinategemea michango ya wazazi, kingeokoa alasiri nzima.

Na kwa bodi za shule ambazo hata hosteli hazina uwezo nayo, ombi ni dogo. Madarasa yanafungwa saa tisa alasiri na kufuli hukaa hadi asubuhi. Acheni moja wazi mpaka saa moja jioni, wekeni taa na mwalimu wa zamu, kisha iteni kikao cha wazazi muwaombe kitu kimoja tu: kwa siku tano za wiki, ndoo ya jioni ishikwe na mtu mwingine.