Kutoka Antwerp hadi Aveba na gari lako: kazi si bahari, kazi ni makaratasi

BUNIA, Ituri. Kwa mtoto wa Aveba anayeishi Ubelgiji, Ufaransa ao Ujerumani, wazo linakuja haraka. Badala ya kushuka Bunia na kuanza kutafuta gari la kukodi, kwa nini asilete lake mwenyewe? Atawatembelea ndugu Gety, ataenda kula samaki Kasenyi, na likizo ikiisha atarudi nalo.

Inawezekana. Lakini swali moja linapaswa kujibiwa kabla gari halijafika bandarini: linakuja kutembea na kurudi, ao linakuja kubaki? Jibu hilo ndilo linalochagua makaratasi. Mtu akikosea hapo, deni linaweza kumfikia miezi mingi baadaye, akiwa amesharudi kazini Ulaya.

Namna mbili za kupanda meli

Namna ya kwanza ni meli maalumu za magari. Gari linaendeshwa mpaka tumboni mwa meli na kufungwa kwa mikanda. Mwenye gari anaacha ufunguo, na kwa kawaida haruhusiwi kuacha mizigo ndani.

Namna ya pili ni konteina. Ile ya futi 20 ina karibu mita 5.9 kwa ndani, na mlango wake una kimo cha karibu mita 2.28. Gari la porini lenye keria na tairi la akiba juu ya paa linaweza kukwama mlangoni. Mafuta yanaachwa kidogo tu kwenye tanki, na betri inachomolewa.

Muda nao unahitaji hesabu. Tangu mwisho wa 2023, mashambulizi ya Wahouthi katika Bahari Nyekundu yamelazimisha meli nyingi kuacha mfereji wa Suez na kuzunguka ncha ya kusini mwa Afrika. Mwenye likizo ya wiki nne anapaswa kutuma gari mapema sana kuliko yeye mwenyewe atakavyopanda ndege. Na likifika Mombasa bila mtu wa kulipokea, siku za bure bandarini zinaisha, gharama za kuhifadhi zinaanza kuhesabiwa.

Daftari linalosema «nitarudi nalo»

Kwa gari la kutembea, karatasi kubwa ni daftari linaloitwa carnet de passages. Linatolewa na vyama vya wenye magari, kama vile ADAC nchini Ujerumani, na uhai wake ni mwaka mmoja. Kenya na Uganda zinalipokea.

Kila ukurasa una sehemu tatu. Watu wa duane wanachukua moja gari likiingia, wanachukua nyingine likitoka, na ya tatu inabaki kwa mwenye gari ikiwa na mihuri yote miwili. Kwa daftari hilo, gari linapita bila kulipa ushuru wa kuingiza.

Chama hakitoi daftari hilo kwa maneno matupu. Mwenye gari anaweka dhamana ya pesa, ao ya benki ao ya bima. Muhuri wa kutoka ukikosekana, nchi husika inahesabu kwamba gari limebaki ndani yake, na inadai ushuru kwa chama. Chama nacho kinageukia dhamana ya mwenye gari. Ndiyo sababu muhuri wa kutoka Kenya pale Malaba, ambao dereva aliyechoka anaweza kuusahau, una thamani kuliko karatasi nyingine zote mfukoni mwake.

Upande wa Kongo, mwenye neno ni DGDA, idara ya duane. Sheria ya duane ya Agosti 2010 inatambua utaratibu wa kuingiza mali kwa muda, kando ya ule wa kuingiza moja kwa moja. Anayekuja Ituri anapaswa kuwasiliana na duane mapema, akitaja kituo cha mpaka atakachopitia, na kupata jibu kwa maandishi.

Gari la kutembea si zawadi

Hapa ndipo penye mtego. Likizo inapokaribia kwisha, kuna kaka asiye na usafiri, kuna shangazi anayepaswa kufika hospitali Bunia, kuna kijana anayeomba gari afanyie kazi ya taksi. Kuliacha gari kunaonekana ni wema na akili: nauli ya meli ya kurudi inaokolewa, familia inafurahi.

Lakini gari lililoingia kwa muda haliwezi kuuzwa wala kutolewa zawadi kabla ya kubadilishiwa makaratasi na kulipiwa ushuru. Likibaki hivyo hivyo, aliye Ulaya anapoteza dhamana, na aliye Aveba anabaki na gari linaloweza kukamatwa kwenye barieri yoyote. Zawadi inageuka mzigo kwa pande zote mbili.

Anayejua tangu mwanzo kwamba gari litabaki afuate njia nyingine. Atachukua ile karatasi ya OGEFREM inayoitwa FERI wakati mzigo unapakiwa Ulaya, atatafuta wakala wa kulipitisha Kenya na Uganda chini ya dhamana ya mzigo wa kupita, kisha atakutana na DGDA na OCC mpakani. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini uanachama huo haukufuta makaratasi ya gari.

Usukani upande gani?

Oktoba 1924, magari manane ya Citroën yaliondoka Colomb-Béchar, Algeria, yakavuka jangwa na Kongo ya Wabelgiji hadi Kampala. Hapo msafara uligawanyika, na kundi moja likateremka Mombasa. Miaka mia moja baadaye, anayekwenda Aveba anapita njia hiyo kinyume: Mombasa, Nairobi, Malaba, Kampala, kisha kaskazini-magharibi hadi Goli, mkabala na Mahagi. Ukijumlisha na barabara ya Mahagi–Bunia na ile ya Bogoro na Gety, ni zaidi ya kilomita 1,700 kwenda tu.

Kenya na Uganda wanaendesha kushoto, Kongo kulia. Gari la Ubelgiji lina usukani unaofaa Bunia, lakini kati ya Mombasa na Mahagi dereva haoni vizuri mbele anapotaka kupita lori. Anayelitoa Uingereza ana shida hiyo hiyo kinyume chake: barabara ya Kenya na ya Uganda inamfaa, ugumu unaanza akivuka mpaka. Katika hali zote mbili, abiria wa mbele anakuwa jicho la pili.

Bima ya Ulaya mara nyingi haifiki huku. Kadi ya njano ya COMESA inafanya kazi Kenya, Uganda na Kongo, lakini inalipa madhara aliyofanyiwa mtu mwingine, si gari lako lililoanguka shimoni. Leseni ya kimataifa ichukuliwe kabla ya kuondoka.

Kilomita za mwisho

Ituri iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi tarehe 6 Mei 2021. Serikali na kundi la FRPI walitia sahihi mapatano ya amani Gety tarehe 28 Februari 2020, lakini hali ya barabara katika Irumu na Djugu inaweza kubadilika kwa siku moja. Serikali za Ulaya zinaonya raia wao wasifike Ituri, na bima nyingi za safari zinafuata onyo hilo. Gari lenye namba ya kigeni, likiwa peke yake, linaonekana kutoka mbali.

Kuna pia jambo la fundi. Gari jipya la dizeli la Ulaya, lenye vichujio na kompyuta, linataka mafuta safi. Ukiishiwa mbali na stesheni, utanunua kwa kadhafi, kwenye bidoni. Mafundi wengi wa Bunia wanaijua Toyota kama kiganja cha mkono. Gari lisilojulikana hapa linaweza kungojea kipuri mpaka likizo iishe.

Kwa hiyo, mwenye wiki tatu ao nne atafanya vizuri kupanda ndege na kukodi gari pamoja na dereva Bunia, mtu aliyepita njia ya Gety wiki ile ile. Kuleta gari lako kunamfaa mwenye miezi kadhaa mikononi. Naye, kabla ya kulipa meli, azungumze na ndugu wa Aveba na kuwaambia wazi: gari hili lina tarehe ya kurudi. Ni vyema wakasirike kidogo leo kwa simu kuliko gari kukamatwa kesho mikononi mwao.