Kumtenga Mgonjwa: Kutoka Nyumba za Mafukara hadi Manyata za Turkana

Neno kutenga lina sura mbili katika Kiswahili. Tabibu humtenga mgonjwa ili maradhi yasienee. Jamii nayo humtenga mtu inayemwogopa. Makala hii inakusudia kueleza jinsi sura hizo zilivyokutana katika ujenzi wa hospitali za maradhi ya kuambukiza, kwanza Uingereza katika zama za Malkia Victoria (1837–1901), kisha Turkana, nchini Kenya.

Chini ya sheria ya mwaka 1834, fukara wa Uingereza aliyeomba msaada alitakiwa kuingia katika nyumba ya kazi. Maisha ya humo yalifanywa magumu kwa makusudi: mume alitenganishwa na mkewe, na wazazi na watoto wao. Wagonjwa nao walirundikwa humo humo. Kufuatia malalamiko ya matabibu, sheria ya mwaka 1867 ilifungua njia ya kujenga hospitali za pekee kwa mafukara wa London wenye homa za kuambukiza na ndui, kama zile za Homerton na Stockwell. Ramani iliyopendwa wakati huo ilikuwa ya mabanda: wodi ndefu, nyembamba, zilizoachana, zenye madirisha marefu yanayoelekeana ili upepo upite kati ya vitanda.

Wasanifu waliamini kwamba maradhi huletwa na uvundo. Mwaka 1882 Robert Koch alitangaza kuwa kifua kikuu husababishwa na bakteria. Nadharia ya uvundo ikaanguka, lakini faida ya madirisha ikabaki. Utafiti uliofanywa Lima, Peru, na kuchapishwa mwaka 2007, ulionyesha kuwa wodi za kizamani zenye dari za juu na madirisha makubwa hupitisha hewa vizuri kuliko nyingi za kisasa.

Hata hivyo, hewa safi peke yake haitoshi. Mfugaji wa Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, yuko zaidi ya kilomita 100 kutoka Lodwar. Dawa za kifua kikuu kwa kawaida humezwa kwa miezi sita. Kikohozi hupoa baada ya wiki chache, na mifugo haingoji. Akiondoka mapema, ugonjwa huweza kurudi ukiwa sugu. Wodi nzuri haimfai aliyekwisha kuihama.

Jibu moja lilianzia Wajir mwaka 1976, pale Mwitaliano Annalena Tonelli alipoanzisha makazi ya vibanda vya kienyeji, ambamo wagonjwa wa jamii za wafugaji waliishi huku wakimeza dawa mbele ya mhudumu. Manyata za namna hiyo zilienea katika maeneo mengine ya wafugaji, Lodwar na Kakuma zikiwamo. Mgonjwa aliishi katika kibanda anachokifahamu, karibu na hospitali, na jamaa zake waliweza kuwa naye. Uwanja ulimpa jua na upepo.

Tahadhari inahitajika: kibanda cha kulalia kilicho chembamba, kisicho na dirisha, kikijaa watu, huweza kueneza maradhi yale yale. Kwa hiyo msanifu wa leo ana mambo mawili ya kuunganisha: nafasi na upepo wa mabanda ya London, pamoja na heshima ya manyata. Maradhi yatengwe, mtu abaki na watu wake.