Usukani Husomwa Vumbini

Pita vijiji vya Ndhiwa au Awendo wakati wa likizo, hukosi kukutana na mtoto anayesukuma gari la waya: fremu ya waya uliokunjwa, magurudumu ya malapa yaliyokatwa duara, na kijiti kirefu chenye usukani unaomfika kifuani. Mwanagenzi mpya akija gereji, somo langu la kwanza huwa ni gari hilo. Mtoto ameshajibu kwa koleo maswali mawili yanayomkosesha usingizi mtengenezaji wa magari ya rimoti ya mashindano: magurudumu yapinde vipi, na fremu iwe ngumu kiasi gani?

Tuanze na kupinda. Katika gari la waya, ekseli nzima ya mbele huzunguka kwenye msumari mmoja wa katikati. Kwa hesabu, mpango huo hauna kosa, kwani magurudumu yote manne hufuata kitovu kimoja na hakuna linaloburutwa. Udhaifu wake uko kwenye nguvu. Gurudumu moja likigonga jiwe, ekseli yote inageuka na usukani unamponyoka mtoto. Akikata kona kali, gurudumu linaingia chini ya bodi na gari linabiruka.

Dawa ni kulipatia kila gurudumu mhimili wake, kisha kuyaunganisha kwa fimbo. Hapo linazuka jambo jingine: kwenye kona, gurudumu la ndani hupita mduara mdogo kuliko la nje, hivyo lazima lipinde zaidi. Chukua Probox, gari linalojulikana na kila abiria wa Rongo na Homa Bay. Kutoka ekseli hadi ekseli ni mita 2.55, na gurudumu hadi gurudumu ni karibu mita 1.5. Likizunguka mduara wenye nusu kipenyo cha mita 6, gurudumu la ndani linahitaji digrii 26 hivi, la nje 21. Yakipinda sawasawa, moja litakwaruza barabara.

Suluhisho lilisajiliwa London mwaka 1818 na Rudolph Ackermann, kwa niaba ya Georg Lankensperger, mtengenezaji wa magari ya farasi wa Munich. Vijikono vya usukani vielekezwe ndani kidogo, ili ukivuta uzi kutoka mhimili wa kila gurudumu kupitia ncha ya kijikono chake, nyuzi zote mbili zikutane karibu na katikati ya ekseli ya nyuma.

Gari la rimoti la mashindano ya lami, lililopunguzwa mara 10, hufuata kanuni hiyo, ila mwenye gari huirekebisha kwa washa nyembamba. Kasi ikizidi, tairi huteleza kidogo na uzito hulalia upande wa nje, kwa hiyo pembe inayofaa kona ya polepole huenda isifae kona ya mbio.

Fremu yake mara nyingi ni bamba la kaboni lenye unene wa milimita 2 hivi, lililokaa milimita 5 tu kutoka chini. Juu yake kuna bamba jingine jembamba; ukilegeza skrubu zake chache, fremu nzima hujipinda zaidi na tairi hushika vizuri lami yenye mikwaruzo. Ukizikaza, gari huitikia usukani upesi.

Lete gari hilo kwenye murram inayopitiwa na trekta za miwa: kokoto ya kwanza italisimamisha. Huko linahitaji kuinuliwa, na sasapensheni ipande na kushuka sana. Hapo fimbo ya usukani lazima ichore tao moja na mkono wa sasapensheni, la sivyo gurudumu litapinda lenyewe kila likikanyaga jiwe. Ndiyo maana nasema fremu na usukani huchaguliwa kwa kuitazama ardhi kwanza.

Jaribu mwenyewe. Tengeneza gari la waya lenye vijikono sambamba, lisukume duara kwenye vumbi, kisha uchuchumae usome alama. Mojawapo ya zile za mbele itakuwa imepanguka kama iliyofagiliwa. Pindisha vijikono ndani, urudie, mpaka alama zote nne zitoke safi. Tairi la Probox lililolika upande mmoja baada ya fimbo kupindwa na shimo hukufundisha habari hiyohiyo, lakini kwa pesa zako.