Kimya Kinachojeruhi

Iko filamu ya Kiingereza ya mwaka 1960, The Angry Silence, iliyoongozwa na Guy Green, inayofaa kuzungumzwa katika kila nyumba. Tom Curtis, mfanyakazi wa kiwandani anayeigizwa na Richard Attenborough, ana watoto wawili, na mkewe Anna ni mja mzito. Unapozuka mgomo usio na idhini ya chama cha wafanyakazi, Tom anaendelea na kazi. Mgomo ukiisha, wenzake wanamsusia: hapewi salamu wala neno. Mateso yanamfikia hata mwanawe shuleni. Mwishowe Tom anashambuliwa na kupoteza jicho.

Aliyenihuzunisha zaidi ni Joe, rafiki aliyepanga chumba kwa Tom. Hakumpiga, alinyamaza tu pamoja na wengi. Anasimama kusema kweli mbele ya wafanyakazi jicho likiwa limekwisha kupotea.

Ndugu wazazi wa Gitega na Muyinga, mtoto akituambia kwamba darasa zima limemsusia mwenzao, tusiulize kosa la huyo mwenzao tu. Tumwulize pia: “Nawe, je, ulimsalimu?” Nasi tulio kazini au kambini tujiulize vivyo hivyo.