Je, Wajua? Pua ikiziba, si kamasi tu

Asubuhi ya baridi kwenye vilima vya Ngara, pua huziba. Kamasi ndiyo husingiziwa. Kinachobana zaidi ni mishipa ya damu ndani ya pua: huvimba, nyama ikanenepa. Matone ya dawa iitwayo oksimetazolini huisinyaza kwa dakika chache.

Unene huo wa nyama watafiti wamejaribu kuupima kwa ultrasaundi, yaani sauti tusiyoisikia, teknolojia ileile wanayopimiwa wajawazito Biharamulo. Sikio letu huishia mitetemo 20,000 kwa sekunde. Ultrasaundi ya hospitali huvuka 1,000,000. Lakini mawimbi hayo hugonga hewa yakarudi, na pua, jamani, imejaa hewa; hapo ndipo ugumu!

Ukizoea matone yale ya pua kwa zaidi ya siku chache, mishipa huvimba upya, pengine kuliko mwanzo.