Mayweather: Beki aliyecheza 50 bila kipigo

Mapambano machache ya ngumi yamesubiriwa kwa hamu kama lile la Floyd Mayweather na Manny Pacquiao, Mei 2, 2015, pale MGM Grand, Las Vegas. Kwa saa za Afrika Mashariki ilishafika Jumapili asubuhi, na aliyeamka mapema kutazama vita akaambulia raundi 12 za jamaa mmoja kupiga hewa na mwenzake kuteleza pembeni. Majaji wote watatu wakampa Mayweather: 118-110, 116-112 na 116-112. Lawama zikaanza. Anakimbia. Anakumbatia. Hataki kupigana.

Shabiki wa soka anayajua malalamiko hayo. Ni yaleyale anayotupiwa kocha aliyepaki basi ugenini akaondoka na pointi tatu. Ila Mayweather hakupaki basi, na takwimu za usiku ule zinamtetea.

Pacquiao ni mtu wa mvua ya ngumi. Novemba 2010 alipomchakaza Antonio Margarito, CompuBox, kampuni inayohesabu ngumi ulingoni, ilimwandikia ngumi 1,069 alizorusha na 474 zilizofika. Mbele ya Mayweather alirusha 429 tu, zikafika 81. Yaani katika kila ngumi tano, nne zilipotea. Na huyo aliyeitwa mkimbiaji? Alirusha 435, sita zaidi ya mshambuliaji wake, akafikisha 148.

Watu wengi waliishia kushangaa jinsi ngumi za Pacquiao zilivyokosa. Cha kushangaza zaidi ni zile ambazo hazikurushwa kabisa. Zaidi ya ngumi 600 zilibaki mfukoni, na ndipo ilipo siri ya bondia anayejua kujilinda. Hakuzuii tu kumpiga. Anakuondolea hamu ya kujaribu.

Ngumi inayokosa ina gharama kubwa kuliko inavyoonekana kwenye televisheni. Ikimpata mtu, mwili wake unaisimamisha. Ikipita hewani, misuli yako mwenyewe ndiyo inayoivuta irudi, huku uzito wako wote umeshahamia mguu wa mbele na kidevu kiko wazi. Ni sawa na beki wa kulia aliyepanda hadi kibendera cha kona, akapoteza mpira: nyuma yake kuna uwanja mtupu na winga wa wapinzani ameshaanza mbio. Likikutokea mara moja, unasema bahati mbaya. Likikutokea mara sita, na kila mara unakula konde la uso, unaanza kufikiri kabla ya kupanda. Bondia anayefikiri kabla ya kurusha ameshachelewa.

Mkao wa Mayweather unaonekana wa kizembe kwa asiyeujua. Mkono wa kushoto ameulaza tumboni kana kwamba ana njaa. Bega la kushoto limepanda hadi kwenye kidevu. Kiganja cha kulia kiko karibu na shavu. Ukimrushia ngumi ya kulia, anageuza kiuno kidogo na ngumi inateleza begani. Kugeuka huko huko ndiko kunakojaza mkono wake wa kulia, kama upinde uliovutwa. Akirudi katika mkao wake, ngumi inarudi naye. Kujilinda na kushambulia ni tendo moja, na ndiyo maana wapinzani wengi walisema hawakuiona ikija.

Elimu hiyo ilitoka nyumbani. Floyd alizaliwa Grand Rapids, Michigan, mwaka 1977, katika ukoo wa ngumi. Baba yake, Floyd Mayweather Sr., alikuwa bondia wa kulipwa na mwaka 1978 alipanda ulingoni na Sugar Ray Leonard, akasimamishwa raundi ya 10. Baba yake mdogo, Roger, alikuwa bingwa wa dunia katika uzito wa aina mbili, na Julio Cesar Chavez alimsimamisha mara mbili. Wote wawili walimfundisha, na wote walijua kwa miili yao bei ya ngumi iliyofika.

Anayesema mtindo huu hauna meno amuulize aliyekuwepo Desemba 8, 2007. Marehemu Ricky Hatton, shabiki wa kufa na kupona wa Manchester City, alikuja na rekodi ya mapambano 43 bila kupoteza na maelfu ya Waingereza wanaoimba. Mpango wake ulikuwa mmoja: kumsukuma Mayweather kwenye kamba na kumkaba hapohapo. Raundi ya 10 alivamia kwenye kona kama alivyozoea. Mayweather akamzungushia ngumi ya kushoto huku akihamisha mguu pembeni. Hatton akaenda kujigonga kichwa kwenye mto wa nguzo ya ulingo, kisha akaanguka. Akanyanyuka, lakini haikuchukua muda pambano likaishia raundi hiyohiyo. Soka ina jina la bao kama hilo: shambulizi la kushtukiza, timu nzima ikiwa imepanda.

Halafu kuna hesabu za majaji, ambazo shabiki wa mpira husahau. Pambano la raundi 12 si mechi moja ya dakika 90. Ni mechi 12 ndogo, kila moja ina mshindi wake, na ushindi wa 1-0 una thamani karibu sawa na wa 3-0. Raundi ambayo mpinzani amefikisha ngumi saba na Mayweather 12 inaandikwa 10-9. Haifurahishi macho, lakini baada ya raundi nane za namna hiyo mpinzani anahitaji KO, na ili apate KO lazima avamie. Akivamia, ameingia kwenye mtego aliokuwa anaukwepa tangu raundi ya kwanza.

Ukweli ni kwamba alishikwa pia. Mei 2010 Shane Mosley alimpiga ngumi za kulia raundi ya pili hadi magoti yakalegea, ukumbi mzima ukasimama. Mayweather akamkumbatia, akavuta pumzi, akasubiri kengele. Kuanzia hapo akasogea mbele na kuendesha pambano mwenyewe, na majaji wakatoa 119-109, 118-110 na 119-109. Pacquiao naye alimpata kwa mkono wa kushoto raundi ya nne na kumrundikia ngumi kwenye kamba, lakini nafasi ikapita.

Mabondia wa mashoto kwa ujumla walimsumbua, maana ngumi yao nzito haitokei upande wa bega lililopanda. Zab Judah, Aprili 2006, alimtesa raundi za mwanzo kabla ya kuishiwa mbinu. Kwa Pacquiao, Mayweather aliliweka bega kando akategemea miguu na ngumi ya kulia iliyonyooka.

Waliomkaribia zaidi ni wale waliokataa kuvunjika moyo. Jose Luis Castillo, Aprili 2002, alimbana kwenye kamba na kumpiga mwilini bila kujali ngapi zinakosa. Majaji walimpa Mayweather, na hadi leo wapo wanaoamini Castillo aliibiwa. Marcos Maidana, Mei 2014, alirusha ngumi 858, nyingine zikitokea juu ya kichwa kama mtu anayepasua kuni. Zilifika 221, na jaji mmoja akaandika sare ya 114-114. Huo ndio mpango uliokaribia kufanya kazi: ukikosa, rusha tena. Ila ni wangapi wana mapafu ya kufanya hivyo raundi 12?

Wote wawili walipewa marudiano, na hapo ndipo palipouma. Mayweather alikuwa ameshawasoma. Desemba 2002 alimzunguka Castillo kwa miguu. Septemba 2014 alikaa mbali na kamba, na Maidana akashindwa kwa majaji wote watatu.

Agosti 26, 2017, akiwa na miaka 40 na baada ya miaka 21 ya ngumi za kulipwa, alipanda kwa mara ya 50 kumkabili Conor McGregor, bingwa wa UFC aliyekuwa hajawahi kupigana ngumi za kulipwa. McGregor alirusha ngumi 430, moja zaidi ya Pacquiao, na 111 zikafika. Mgeni akampiga kuliko gwiji! Lakini safari hii Mayweather alitaka hivyo. Alimwachia raundi za mwanzo apige mpaka achoke, kisha akafunga mikono juu ya uso na kumfuata hatua kwa hatua. Kufika raundi ya tisa mikono ya McGregor ilikuwa mizito. Raundi ya 10 mwamuzi akaingilia kati, Mwaireland huyo akiwa bado amesimama, ameegemea kamba, hana ngumi ya kurusha.