Mkebe wa Pili

Kila Jumatatu, kabla kliniki haijaanza, huwauliza wanafunzi wangu wa udaktari swali dogo: mgonjwa uliyemhudumia wiki iliyopita anakaa wapi? Siku moja kijana mmoja, hodari kuliko wenzake wote darasani, alinijibu bila kusita, "Kitanda namba saba, daktari." Wenzake wakaangua kicheko. Nami nilicheka, lakini jibu lile sijalisahau, maana kosa halikuwa lake. Ndivyo tulivyomfunza. Tulimwonyesha mgonjwa akiwa ameshalazwa, amevishwa sare ya wodi, faili liko miguuni pa kitanda, naye akaamini kwamba ugonjwa huanzia hapo.

Mimi ni daktari wa familia. Watu wakisikia jina hilo hudhani ni yule daktari wa matajiri anayeitwa nyumbani na mkoba wake wa ngozi. Wengine hudhani nashughulika na uzazi wa mpango tu. Daktari wa familia ni bingwa kama walivyo mabingwa wa moyo au wa mifupa. Naye amerudi chuoni baada ya shahada ya kwanza akasomea kazi yake miaka kadhaa. Tofauti ni kwamba ubingwa wake haufuati kiungo cha mwili wala umri wa mtu. Mtoto mwenye homa, baba mwenye sukari, nyanya mwenye magoti mabovu, wote ni wake, na anawajua kama watu wanaokula chungu kimoja. Hapa Kenya, Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret kilianza kufundisha ubingwa huu mwaka 2005. Bado tu wachache, na mwanafunzi anaweza kumaliza masomo bila kukaa chumba kimoja na mmoja wetu.

Kwa nini jambo hili linanikera? Chukua hesabu iliyochapishwa mwaka 1961 na Kerr White na wenzake wawili, waliotumia takwimu za Marekani na Uingereza. Walisema: chukua watu wazima 1,000, uwafuate kwa mwezi mmoja. Watu 750 kati yao wataugua au kuumia kwa namna fulani. 250 wataenda kumwona daktari. Tisa watalazwa. Watano watapelekwa kwa daktari mwingine. Na mmoja tu atafikishwa hospitali ya chuo kikuu.

Mtu huyo mmoja ndiye tunayemfundishia. Wanafunzi humzunguka kitandani, profesa huuliza maswali, na kila mmoja husikiliza moyo wake kwa zamu. Kumbe kati ya hao 749 wengine, walio wengi wako nyumbani wanakunywa chai ya tangawizi, wanaazimana vidonge, wanauliza jirani, wanangoja kesho. Nchi zimetofautiana na miaka imepita, kwa hiyo nisingependa mtu anakili tarakimu hizo kama zilivyo kwa Kilifi au Kakamega. Lakini sura yake ni ileile popote: chini kumejaa, juu kumebaki ncha, na sisi walimu tumejenga darasa kwenye ncha.

Sasa nikueleze kuhusu yule kijana wa kitanda namba saba. Alipangiwa mama mmoja wa miaka sitini na kitu, muuza mchicha na mchunga. Presha yake ilikuwa 178 kwa 104, na miezi mitatu mfululizo haikushuka. Dawa zake zilikuwa mbili, moja ya kulegeza mishipa na nyingine ya kukojoza. Kijana aliandika kwenye faili, kwa hati nzuri, kwamba mgonjwa hamezi dawa ipasavyo, akapendekeza ya tatu. Kitabu kingemtetea. Nilimwambia, "Kabla hujaongeza dawa, nenda kwake."

Tulikwenda watatu: yeye, mimi, na mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji kile, mama ambaye kila mlango pale anaujua kwa jina la mwenyewe. Yeye ndiye aliyepiga hodi. Tukaketishwa kwenye mkeka chini ya mwembe.

"Shikamoo, bibi," kijana akasema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja na daftari, basi leo nitaulizwa sana."

Alituletea mkebe wa maziwa ya unga uliokwisha. Ndani mlikuwa na vidonge vyake, na kijana akavihesabu: vya kulegeza mishipa vilikuwa sawasawa na siku zilizobaki, vya kukojoza vilikuwa vimezidi kumi na mbili. Hapo tungeweza kuanza mahubiri. Kijana, kwa bahati au kwa malezi mema, akauliza badala yake, "Bibi, hiki cheupe kinakusumbua nini?"

Bibi akacheka. Siku za soko, alisema, hupanda matatu alfajiri na mafungu yake ya mboga. Kidonge kile akikimeza asubuhi, nusu ya njia haja humbana, na dereva hasimami. Akifika sokoni choo ni cha kulipia, shilingi kumi kila aingiapo, na akiondoka pale mboga hazina wa kuziangalia. Soko ni siku tatu kwa wiki. Wiki nne, siku kumi na mbili. Hesabu ya mkebe ilikuwa imetimia mbele ya macho yetu.

Hatukuongeza dawa ya tatu. Tulikubaliana kwamba siku za soko kidonge cheupe akimeze akisharudi nyumbani alasiri. Mama mhamasishaji, ambaye ana mashine yake ya presha, akaahidi kumpima kila wiki.

Tukiwa palepale kijana alichora ukoo. Ni mchoro tunaoutumia sana katika kazi yetu: mraba ni mwanamume, duara ni mwanamke, mistari huonyesha nani kamzaa nani na nani kamwoa nani, kisha unaandika ugonjwa wa kila mmoja kando yake. Kwa dakika ishirini alipata habari ambazo faili halikuwa nazo tangu lifunguliwe: dada wawili wa bibi walipatwa na kiharusi, na wajukuu wanne wanalala nyumba ile wakitegemea pesa za mchicha. Presha ya bibi, kumbe, ilikuwa karo ya shule ya watu wanne.

Somo hili si jipya, wala halikutoka ng'ambo. Mwaka 1940 madaktari wawili vijana, Sidney Kark na mkewe Emily, walianzisha kituo cha afya Pholela, kwenye vilima vya Natal, Afrika Kusini. Pamoja na kutibu walioletwa kituoni, walikwenda nyumba kwa nyumba, wakawahesabu watu na kuwauliza wanakula nini. Walikuta utapiamlo umetapakaa, na bustani za mboga zikawa sehemu ya matibabu. Mwaka 1957 mwanafunzi wa udaktari kutoka Marekani, Jack Geiger, alifika kwa akina Kark kujifunza. Alikaa miezi, akatembea na wafanyakazi wa kituo, akaona daktari anayeuliza habari za kisima kabla ya kuandika dawa ya kuhara.

Alirudi kwao na wazo lile. Mwaka 1965 yeye na mwenzake Count Gibson walifungua kituo cha afya cha jamii Columbia Point, Boston, kisha wakafungua kingine Mound Bayou, Mississippi, katikati ya Wamarekani weusi waliokuwa fukara wa kutupwa. Kule Mississippi madaktari waliwaandikia watoto wenye utapiamlo cheti cha chakula, duka likatoa maziwa, nyama na mboga, na bili ikapelekwa kwenye fungu la dawa la kituo. Wakubwa waliotoa fedha walipokuja juu, Geiger aliwajibu kwamba kwa kadiri vitabu vya udaktari vinavyosema, tiba ya utapiamlo ni chakula. Leo vituo vya namna ile vinahudumia Wamarekani zaidi ya milioni 30. Mbegu yake ni mwanafunzi mmoja aliyekaa kijijini Afrika kwa muda wa kutosha.

Maneno hayo, "kwa muda wa kutosha," nayasema nikijua uchungu wake. Nilipokuwa mwanafunzi nami nilijitolea. Chama chetu kiliandaa kambi ya matibabu ya siku moja: hema, fulana za rangi moja, bango, spika kubwa, mgeni wa heshima. Tulipima presha za watu wengi hata nikaota malengelenge kwenye kidole cha kubana mpira. Waliokuwa na presha ya juu tuliwapa vidonge vya siku kumi na nne. Jioni tukapiga picha tukapanda basi. Miezi miwili baadaye nilikutana na mzee mmoja wa kijiji kile stendi. Alinitambua, akafurahi, akanishukuru. "Dawa zenu nilizimaliza zote," akasema, "nikapona." Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba presha haiponi kwa wiki mbili, na hakuna aliyekuwa amemwonyesha pa kupata za wiki ya tatu. Tulimpa uhakika wa uongo, akatushukuru.

Kwa hiyo mwanafunzi akinijia leo akasema anataka kujitolea, humuuliza kwanza: utarudi lini? Kama hana jibu, namwomba asubiri mpaka awe nalo. Wazo lenyewe la kurudi linatekelezeka. Chuo Kikuu cha Moi kimekuwa kikiwapeleka wanafunzi wake wa udaktari vijijini tangu kilipopokea kundi la kwanza mwaka 1990, na ziara hizo ni sehemu ya masomo yenyewe. Kwingineko mwanafunzi anaweza kujipangia. Chagua nyumba moja, yenye ridhaa ya wenyewe, chini ya usimamizi wa mwalimu mwenye leseni, uitembelee mara nne kwa mwaka mpaka umalize chuo. Nyumba moja. Wenzako kumi wakichagua kumi, mtakuwa mmefanya jambo kubwa kuliko hema.

Pitia kwa mhamasishaji wa afya ya jamii, usimruke. Mwaka 2023 serikali ya Kenya ilitangaza mpango wa wahamasishaji 100,000 waliopewa mikoba yenye kipimajoto, mashine ya presha na ya sukari, kila mmoja akisimamia takriban kaya mia. Wewe utahitimu uondoke, yeye anabaki. Ukimpita mlangoni kwa sababu yeye hana koti jeupe, umewaonyesha watu wake kwamba hafai, na kesho hawatamfungulia.

Usifanye kijijini jambo usiloruhusiwa kufanya hospitalini. Umaskini wa mtu haukupi leseni ya kumjaribia mkono. Ukiulizwa usilolijua, sema hulijui, uliandike, urudi na jibu. Picha za wagonjwa ziache. Na siri ya nyumba usiitoe hata kwa wema, kwani kijiji kina masikio mengi kuliko wodi.

Mwanafunzi atauliza, na ana haki: yote haya yananisaidia nini mimi nitakayekuwa bingwa wa upasuaji? Mwaka 2018 Denis Pereira Gray na wenzake wa Uingereza walikusanya tafiti 22 kutoka nchi tisa, zilizolinganisha wagonjwa waonwao na daktari yuleyule mara kwa mara na wale wanaobadilishiwa kila siku. Katika tafiti 18, wenye daktari wao walikufa kwa kiwango kidogo zaidi. Na tafiti hizo hazikuwahusu madaktari wa familia peke yao. Mabingwa wa fani nyingine nao wamo. Tafiti za aina hiyo haziwezi kuthibitisha kwamba kumrudia daktari yuleyule ndiko kulikowaponya, lakini mimi ninaona kwa macho yangu kinachotendeka. Mtu humwambia mgeni ukweli ule unaofaa kwa mgeni. Mengine huyaweka.

Yule bibi, ziara ya kwanza, alitupa mkebe mmoja. Ya pili presha yake ilikuwa 150 kwa 92, tukafurahi, tukanywa uji. Ya tatu ilikuwa imepanda tena. Vidonge tulivihesabu vikawa sawasawa. Nilimwona kijana amekunja uso, anatafuta kosa katika hesabu yake. Hakusema kitu. Aliuliza habari za wajukuu, akaambiwa mkubwa amefaulu mtihani. Akauliza habari za mchicha, akaambiwa jua limeuchoma. Tulikaa hivyo hata kivuli cha mwembe kikatuhama.

Kisha bibi akainuka, akaingia ndani, akatoka na mkebe wa pili. Ulikuwa na mizizi iliyochemshwa, ukoko mweusi umeganda ukingoni. Akauweka mkekani karibu na ule wa kwanza, na chini yake vidonge vitano alivyokuwa amevificha ili hesabu ikae sawa.

"Na huu, bibi," kijana akauliza taratibu, "huunywa siku zipi?"

"Siku nisipokuwa na nauli ya kufuata vile vyenu. Hubana hivi vitano visiishe, nikanywa huu."

Kijana alifungua daftari. Safari hii hakuandika kwamba mgonjwa hamezi dawa ipasavyo. Aliandika neno moja, nauli, akalipigia mstari, kisha akamgeukia mama mhamasishaji na kumuuliza kama kuna njia ya vidonge kuletwa kijijini pamoja na chanjo za watoto.